Mfungo wa Bwana Afya

Kila mwezi, siku mbili tatu kabla ya kliniki ya sukari, Bwana Afya alikuwa akifunga. Hakuwa Mwislamu, na mfungo wenyewe haukuwa wa dini yoyote. Alikuwa mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya, na ukimuuliza kwa nini hali, alikuambia tumbo lina gesi. Gesi gani! Alikuwa anamtayarishia muuguzi namba nzuri.

Naanza na hilo kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo, na mpaka leo haijaisha. Lakini nilimpenda yule mzee. Wacha niseme mapema, nisije nikaonekana ninamsengenya marehemu.

Watu wa Tuwan, hapa Kitale, walimwita Bwana Afya kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa afisa wa afya wa baraza la mji, yule anayekuja kuangalia kama jikoni kuna panya, kama choo kina mlango, kama wapishi wamepimwa. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulitumia hata mara moja, wala mama yangu hakulitumia. Hata mkewe, alipokuwa hai, ukienda kumtafuta mzee alikujibu, "Bwana Afya amelala, rudi jioni."

Mimi nilikuwa na hoteli. Ukisikia hoteli usifikirie vitanda. Ilikuwa chumba cha mabati, mabenchi, chai, mandazi, maharagwe, na chapati siku za soko. Mama yangu alikaa mlango wa nyuma akimenya viazi na kusalimia kila anayepita. Bwana Afya alipoingia mara ya kwanza aliwapita wateja wote bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye kitambaa cha kupangusia meza, akakiinua, akakinusa.

"Hii," akasema, "ni kitambaa ama ni kitu imekufa?"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Alinifungia hoteli wiki nzima kwa ajili ya kile kitambaa na mtaro wa nyuma, na siku niliyofungua, mteja wa kwanza kuingia alikuwa yeye. Akaketi, akavua kofia, akaagiza chai. Nikamuuliza kama amekuja kunitukana tena.

"Nilikufungia juu nataka kukunywa chai hapa bila kuogopa," akasema. "Sasa leta."

Ndivyo alivyokuwa. Kitu alichokichukia kuliko uchafu ni usafi wa siku ya ukaguzi. Sisi wenye hoteli tulikuwa na njia yetu: mwenye bucha akimwona ametoka ofisini anapiga mluzi, fundi viatu anaupokea, na kabla hajafika sokoni sakafu zote zimepigwa deki na vikombe vyenye nyufa vimetupwa chini ya gunia. Naye alijua. Kwa hiyo alipitia nyuma, akivuka mitaro, suruali ameichomeka ndani ya soksi, akatokea jikoni kwako wakati unaokota ugali ulioanguka chini. Alikuwa na maneno yake aliyotuambia kila mara, mpaka tukawa tunamwigiza akiondoka: "Mimi sitaki kuona vile unaoga ukienda harusi. Nataka kuona vile unaishi."

Alikuwa mkali, na alikuwa na huruma ya ajabu. Kulikuwa na mjane mtaani kwetu aliyeandikiwa notisi kwa kukosa choo. Aliyeandika notisi ni Bwana Afya, na aliyekuja Jumamosi na sururu kumchimbia choo ni huyo huyo Bwana Afya, kifua wazi, jasho linamtoka, akimgombeza yule mjane kana kwamba kosa la kuwa na udongo mgumu ni lake. Aliwafukuza wauza samaki waliotandaza magunia barabarani, kisha akanunua samaki wao wote waliobaki. Kila Jumapili alibishana na mhubiri wake kuhusu kikombe kimoja cha meza ya Bwana kupita midomo ya watu wote. Ati damu ya Yesu inaua viini? Alisema hivyo kanisani, na wazee wenzake walimnunia kwa muda mrefu.

Lakini mzee huyo asiyeogopa mhubiri wala mfanyabiashara aliogopa kitu kimoja, kuchekwa. Kuonekana ameshindwa. Sijui alilipata wapi hilo, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba ndilo lililommaliza, yeye na mtu mwingine ambaye ni wangu.

Sukari ilimpata miaka ya mwanzo ya elfu mbili, karibu na kustaafu. Mama yangu alipatikana nayo baada yake kidogo. Wakawa wanaenda kliniki pamoja, kwa miguu, kutoka Tuwan mpaka hospitali, yeye mbele na koti lake la kahawia, mama nyuma na kikapu, wakibishana njia nzima. Alimwita "Mayi", vile watu wa kwao Bungoma wanavyomwita mama wa heshima. Mama alimwita Bwana Afya tu, lakini kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine. Nilifurahi kwamba ana mwenzake. Mtu asiwe mgonjwa peke yake.

Kuna daktari mmoja kijana pale kliniki aliyependa kuwachorea wagonjwa picha ukutani. Siku moja aliwachorea habari za sukari na mafuta ya damu, na Bwana Afya akarudi hotelini kwangu akiwa amewaka. Akasimama katikati ya mabenchi, watu wanakula.

"Sikieni. Kwa mishipa yenu ya damu kuko na askari. Hao askari hawashiki tu wezi. Mafuta ikimwagika kwa ukuta wa mshipa, hii wanaita kolesteroli, askari anaimeza. Hiyo ni kazi yake. Akishiba, anafungua mlango yake, anatoa ile mafuta, gari ya taka inabeba inapeleka kwa maini. Mshipa inabaki safi. Si mmeelewa?"

"Tumeelewa, Bwana Afya. Kaa chini chai inapoa."

"Bado. Sasa wewe unakaa na sukari juu. Mwezi, mwaka. Hiyo sukari inabandika. Mmeona sukari nguru ikipikwa, vile inashika sufuria? Hivyo. Inabandika kwa gari ya taka, inaharibu askari mwenyewe, mlango inakwama. Askari anameza, anameza, hawezi kutoa. Anafura. Anakufa pale pale kwa ukuta na mafuta yake kwa tumbo. Mwenzake anakuja, hivyo hivyo. Wanarundikana. Siku moja mshipa imeziba. Ikiwa ni ya moyo, kwaheri. Ikiwa ni ya mguu, utakatwa."

Muuza viazi mmoja, mtu wa mzaha, akauliza, "Lakini sufuria si inaoshwa, bana? Mtu akiacha sukari siku mbili tatu?"

Bwana Afya akamwangalia kwa dharau kabisa. "Siku tatu! Kitu imebandika miezi na miaka, unaiambia siku tatu? Itakusikia?"

Halafu akaketi, akapaza sauti ili hata walio nje wasikie: "Chai ya rangi, Mama Hoteli! Bila sukari!"

Nimeyarudia maneno yake yote kwa sababu nataka ujue kwamba alijua. Hakuna wa kuniambia mzee alikosa elimu. Aliyafahamu yale mambo ya askari na mlango vizuri kuliko mgonjwa yeyote wa ile kliniki, na alikuwa amemaliza mfungo wake siku ile ile.

Kwa maana chai bila sukari ilikuwa ya hotelini kwangu tu, mbele ya watu. Kwao ni Kibabii, upande wa Bungoma, na kwa kuwa alikuwa msomi wa ukoo na mwenye sauti, hakuna maziko yaliyofanyika bila yeye kushika kipaza sauti. Kule chai hupikwa na sukari ndani ya sufuria moja kubwa. Hakuna ya kando ya mgonjwa. Ukikataa chai ya wafiwa watu wanaanza kuulizana umekuja na nini moyoni. Basi alikunywa. Akala na mkate, akala na wali, akamaliza na soda ya wageni. Kila Jumamosi! Na Jumatatu mama akamkuta na kipande cha sukari nguru ndani ya mfuko wa koti, kimefungwa kwa gazeti.

"Na hii?"

"Ya mjukuu."

"Mjukuu yupi, na wako Nairobi wote?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Ningekuwa mimi nisingecheka.

Kliniki yenyewe inataka uende asubuhi bila kula, na hiyo ni sawa, ni utaratibu wa kipimo. Bwana Afya alianza mapema zaidi. Siku mbili tatu ni mboga chungu na maji, basi. Siku ya kliniki anafika amekauka midomo, anadungwa kidole, mashine inatoa sita. Muuguzi anafurahi. Anamsimamisha mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Mnaona Bwana Afya? Huyu ndiye anafuata masharti!" Na watu wanapiga makofi. Makofi! Mwaka wa pili wakampunguzia dawa, kwa sababu kwa namba zile hakuhitaji nyingi. Yule daktari kijana alitaka kumtoa damu ya kipimo kingine, kile kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu hata ukifunga, damu ipelekwe Eldoret. Bwana Afya akamwambia hiyo awawekee wagonjwa, yeye anaendelea vizuri.

Mtu aliyetushika sisi miaka yote kwa kusafisha siku ya ukaguzi. Niambie hilo utaliitaje.

Nilijua siri hiyo siku mama alipoanguka. Alikuwa anamenya viazi kama kawaida, kisu kikamtoka mkononi, akalala upande, jasho jembamba, maneno hayatoki. Tulimpaka asali mdomoni na ufizini, kidogo kidogo, mpaka akafungua macho. Alikuwa amemeza vidonge vyake na hajala tangu siku iliyotangulia. Nikamuuliza kwa nini. Akageuza uso.

"Bwana Afya alinionyesha. Kesho ni kliniki."

Nilimfuata mpaka kwake na aproni yangu kiunoni. Nilimpigia kelele mlangoni, majirani wakasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama Hoteli, hujui vile wanaongea na sisi. Ukienda na namba mbaya wanakuambia ati unakula ovyo kama mtoto. Mayi amelima maisha yake yote. Nani amempa makofi? Pale wanampa."

Nikarudi nikamkataza mama. Nikampikia mwenyewe, nikamsimamia akila. Lakini utamsimamia mtu mzima mpaka lini? Aliweka chakula chini ya kapu akisema atakula baadaye, na siku ya kliniki alirudi akitabasamu. Alikuwa amesimamishwa yeye pia.

Mama alikufa siku ya soko, asubuhi, mkono mmoja kifuani, akisema ni kiungulia tu. Daktari alituambia ni moyo, mishipa yake ilikuwa imeziba kwa muda mrefu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa nzuri kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tulimzika shambani kwetu, nje kidogo ya Kitale. Bwana Afya alishika kipaza sauti, kwa maana nani mwingine angeshika? Akakifuta kwanza kwa leso yake. Kisha akasema, "Huyu mama alikuwa na namba nzuri kuliko sisi wote." Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti nimpige nacho. Dada yangu alinishika kitambaa cha kiuno. Bwana Afya akamkabidhi mhubiri, akaenda akaketi nyuma ya hema, na chai ilipopita akaikataa. Wafiwa walikuwa sisi, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Baada ya hapo alihama Tuwan akarudi kwao Kibabii. Habari zake nilizipata kwa vipande. Kiatu kilimchubua kidole gumba na hakusikia. Kidonda kikawa cheusi. Mguu ukakatwa chini ya goti. Familia yake iliurudisha ule mguu nyumbani, kwa kuwa hawakutaka kiungo cha mzee kichomwe na takataka za hospitali, wakauzika pembeni mwa boma karibu na muwa. Mke wa mwanawe aliniambia mzee alibebwa kwenye kiti mpaka pale, akatazama shimo, akasema halina kina cha kutosha, mbwa watafukua. Vijana wakachimba tena. Akasema bado. Wakachimba tena, naye ameshika fimbo anawaonyesha, mpaka akaridhika. Niliposikia nilicheka, halafu nikaingia stoo nikakaa peke yangu.

Aliishi kama mwaka mmoja baada ya ile safari yangu ninayotaka kusimulia. Alikufa mguu wa pili ukiwa umeanza nao kuoza. Sindano za sukari alizokuja kupewa mwishoni zilikuwa za mtu aliyechelewa, na aliyemchelewesha ni yeye mwenyewe. Lakini nilimwona kabla, na ndiyo maana naweza kuandika haya bila kumlaani.

Nilienda Kibabii bila kutuma habari. Nilimkuta uani, kwenye kiti, blanketi magotini, amepungua mpaka koti la kahawia limekuwa la mtu mwingine. Mguu uliobaki ulikuwa ndani ya soksi nene, na hata kupitia soksi niliona umevimba.

"Mulembe, Bwana Afya."

"Mulembe." Akanitazama sana. "Mama Hoteli. Umekuja kukagua?"

Hatukuongea juu ya mama. Tuliongea juu ya mahindi, juu ya simu za mkononi, juu ya nani amekufa. Mchana mke wa mwanawe akaleta ugali, kuku na mboga, akatunawisha mikono. Bwana Afya akaomba baraka ya chakula, sauti yake bado ipo, kisha akasukuma sahani upande wangu.

"Kula wewe. Mimi tumbo iko na gesi."

Kwao mwenye nyumba hula na mgeni. Mke wa mwanawe aliinamisha macho.

"Kliniki ni lini, Bwana Afya?"

Akatazama ule muwa. "Kesho."

"Kesho." Nikaweka tonge chini. "Mguu mmoja uko kwa shimo. Mayi yuko kwa shimo. Na wewe bado unafunga?"

"Wakijua, watakata na hii."

"Na wasipojua, itapona?"

Kuku walikuja mpaka miguuni kwetu, mke wa mwanawe akawafukuza, wakarudi. Nilipomtazama tena, mzee alikuwa analia bila kujifuta.

"Si mguu," akasema. "Mguu nimezoea. Ni yule msichana wa mashine. Ananiita mwalimu wa wengine. Nikifikiria akiangalia namba, halafu aniangalie mimi..." Akashindwa kumaliza. "Na Mayi. Nikienda na ukweli, ni kusema nilimfundisha vibaya. Ni kusema mimi ndiye."

"Ni wewe," nikamwambia. Nisingemdanganya. "Ni wewe. Sasa kula."

Nilimmegea ugali nikauweka upande wake. Akaushika muda mrefu. Akala. Alikula kama mgonjwa anavyomeza dawa, tonge moja moja, machozi yakiingia mdomoni, na mimi nikala naye mpaka sahani ikaisha. Nililala kwao.

Asubuhi mwanawe alimpakia kwenye gari la jirani, tukaenda naye mjini Bungoma. Benchi lilikuwa limejaa wazee na vikapu vyao. Zamu yake ilipofika, muuguzi, msichana mpole, akamdunga kidole huku anamtania. Mashine ikalia. Akaiangalia. Akafuta kidole kingine kwa pamba, akadunga tena.

"Mzee, hii inasema ishirini na mbili. Si mwezi jana ulikuwa na sita? Jana ulikula nini?"

"Nilikula chakula," Bwana Afya akasema.

"Chakula gani ya kufanya hivi?"

Alishika mikono ya kiti akajiinua kadiri alivyoweza, na sauti iliyotoka ni ile ya maziko, ya kufika mpaka nyuma ya hema.

"Mwezi jana nilikuwa nimefunga siku tatu. Na mwezi ule mwingine. Na huko Kitale miaka yote. Hii ishirini na mbili ndiyo sukari yangu. Hiyo sita ilikuwa ya kuwafurahisha. Nilifundisha mama mmoja kufanya hivyo, na alikufa."

Muuguzi alisimama na pamba mkononi. Hakumcheka, wala hakumgombeza. Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mama mmoja aliyeketi kando yangu, kitambaa kichwani, kikapu magotini, akasema akiangalia sakafu, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie:

"Na mimi tangu juzi ni mboga na maji tu."

Mzee wa mwisho wa benchi akainua mkono. Halafu mwingine karibu na dirisha. Muuguzi akaweka mashine mezani, akauliza pole pole, "Ni nani mwingine?" Mikono ikaendelea kuinuka, mmoja baada ya mwingine, mikono ya wakulima, na mimi nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, kwa sababu mama yangu angekuwa ameketi hapo.